Nimetumia SIN, COS na ACOS za PLC kwenye tanki la alizeti Kizota, haya ndiyo niliyoyaona

Wadau habari zenu. Hapa sizungumzii PLC nzima (ile kompyuta ndogo ya kwenye paneli inayoendesha mashine), maana maoni ya "PLC nzuri, inafanya kazi" yapo mengi na hayasaidii mtu. Nazungumzia kitu kimoja tu kilichomo ndani yake, zile instraksheni za trigonometria, SIN, COS, TAN na ndugu zao za kurudi nyuma ASIN, ACOS, ATAN. Mafundi wengi wa hapa Dodoma tunazipita kama tunavyopita kibao cha shule tuliyofelia. Mimi ni mmoja wao, tangu nimeanza kazi za paneli nilikuwa nafungua ile folda ya hesabu, nachukua kujumlisha na kugawanya, nafunga. Mpaka mwaka huu.

Kifaa nilichotumia ni Siemens S7-1200, ile CPU 1212C ya DC yote (umeme wa kuiwasha, inputi na autputi vyote ni DC), ina inputi 8 za kidijitali, autputi 6 na inputi mbili za analogi za volti 0 hadi 10. Kwa matumizi haya naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatika nusu yake nimeikata mimi mwenyewe kwa makosa yangu, mtaona.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kule Kizota. Alizeti inatoka Singida na nyingine Kongwa, inakamuliwa, mashudu yanaenda kwa wafugaji, mafuta yanaingia kwenye tanki la chuma lililolala. Hilo neno "lililolala" ndilo lililoleta kesi yote. Tanki lina kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 4, vichwa vyake ni bapa, likijaa ni lita 12,566. Kuna fundi alitangulia kabla yangu, akaweka sensa ya presha chini ya tanki na skrini ya kuonyesha lita, kazi safi kwa macho, waya zimefungwa vizuri kuliko zangu. Tatizo ni kwamba alifanya hesabu ya tanki lililosimama, yaani kimo kikiwa robo basi mafuta ni robo, kimo nusu mafuta nusu. Tanki lililosimama sawa. Lililolala hapana, kwa sababu chini ni kwembamba, katikati ni kupana, juu panarudi kuwa pembamba tena.

Sasa pale kuna mzee mmoja mtunza stoo, Mgogo wa hapa hapa, ukifika lazima akuamkie "mbukwa" hata kama umeshampa shikamoo, na ana kijiti chake. Kijiti cha mti kina alama za kisu, alichovya siku ya kwanza walipokuwa wanajaza tanki kwa mapipa ya lita 200, kila pipa likiingia anachovya anakata alama. Mama mwenye kiwanda alipoweka skrini akaanza kuona skrini na kijiti vinagombana. Skrini inasema kuna lita 3,142, mzee anasema zipo elfu mbili na mia nne na kitu. Wakishusha mafuta mpaka tanki linakauka, kwenye madumu zinatoka elfu mbili na mia nne na kitu. Ukipiga hesabu ni madumu 34 ya lita 20 hayaonekani. Na kwenye biashara ya mafuta madumu 34 yakikosekana hakuna anayesema hesabu ya duara imekosewa, kila mtu anamwangalia mwenye funguo.

Nilipoitwa sikuitwa kurekebisha programu, niliitwa kufunga kamera. Mama aliniambia "fundi, nataka niwaone wanaoniibia", mzee yuko pale pale anasikia, anachezea funguo. Nikaomba nione kijiti kwanza, sijui kwa nini niliomba, nadhani nilitaka tu kumpa yule mzee nafasi ya kusema kitu. Nikaona alama hazijaachana sawasawa. Chini kabisa alama moja na nyingine zimeachana vidole vingi, katikati zimebanana, juu zinaachana tena. Nikajisemea huyu hajui kudanganya, mtu anayetaka kudanganya angekata alama sawasawa.

Nikakaa chini na kalamu. Fomula yenyewe ukiwa na nusu kipenyo R, urefu L na kimo cha mafuta h ni hii:

V = L × (R² × ACOS((R − h) / R) − (R − h) × √(2Rh − h²))

Msiogope. ACOS inatafuta nusu ya pembe ya kile kipande cha duara kilicholowa mafuta, ukizidisha na R² unapata eneo la kipande cha keki, halafu unatoa ile pembetatu ya juu yake ambayo haina mafuta, kinachobaki unazidisha na urefu wa tanki. Basi. Weka R ni 1, h ni 0.5, ACOS ya 0.5 ni 1.0472, pembetatu ni 0.4330, unabaki na 0.6142, mara 4 ni mita za ujazo 2.457, yaani lita 2,457. Skrini ilikuwa inasema 3,142. Tofauti lita 685, gawanya kwa 20, madumu 34. Nilirudia mara tatu kwenye simu kwa sababu sikuamini limekaa vile vile. Mzee alikuwa sahihi siku zote na kijiti chake.

Na kinachochekesha ni kwamba juu ya tanki skrini ilikuwa inakosea upande wa pili. Kimo kikiwa mita 1.5 inasema 9,425 wakati ndani kuna 10,109. Lakini zikizidi nani anauliza? Zikipungua ndio mlinzi anaitwa. Mbaya zaidi ni chini kabisa, kimo cha sentimita 20 skrini inasoma lita 1,257 na ndani kuna 654, karibu nusu nzima haipo.

Kwa hiyo kamera sikufunga. Nikasema mama nipe siku mbili nibadilishe programu, kama haijakaa sawa usinilipe. PLC ya mwanzo ilikuwa ndogo mno, ile aina ya kuwasha taa na geti, haina namba za desimali wala ACOS, ikabidi tununue hii. Hapo ndio maoni yangu kuhusu bidhaa yanapoanza rasmi, samahani kwa utangulizi mrefu.

Uzuri wa kwanza, SIN, COS, TAN, ASIN, ACOS na ATAN zote zimo tayari kwenye CPU yenyewe, hakuna cha kununua nyongeza. Unaburuta bloku kwenye leda (programu inayochorwa kama ngazi), inputi inaingia kushoto inatoka kulia. Ila aina ya data ni Real au LReal, yaani namba za desimali, ukiwa na Int, namba nzima, igeuze kwanza. Na wale ambao hawapendi mlolongo wa bloku kumi na tano kwenye mstari mmoja kuna bloku inaitwa CALCULATE, unaandika fomula nzima ndani kama unavyoiandika kwenye daftari, IN1, IN2, mabano, ACOS, SQRT, imeisha. Mimi mara ya kwanza nilitumia bloku moja moja ili nione kila hatua inatoa nini nikiwa mtandaoni na mashine, na nawashauri muanze hivyo hivyo, kwa sababu CALCULATE ikikupa jibu la ajabu hujui limeharibikia wapi.

Sasa kosa langu la kwanza. Pembe kwenye hizi bloku ni radiani, si digrii. Hili limeandikwa kwenye mwongozo na mimi nilisoma, lakini akili yangu ni ya digrii, sisi tumekua na yale majedwali ya hesabu tuliyoyaita foo figa, nyuzi 30, nyuzi 45, nyuzi 60, radiani tunazisikia tu kwa waliokwenda kidato cha tano. Nilipoona ACOS inatoa 1.0472 nikasema hapana, hii inatakiwa iwe 60, nikaizidisha kwa 57.3 ili nielewe ninachokiona, halafu nikasahau kuitoa. Nikapakia programu, tukawasha skrini mbele ya mama, mbele ya mzee, mbele ya vijana wa kukamua waliokuja kushuhudia. Skrini ikasoma lita laki mbili na thelathini na nane elfu. Kwenye tanki la elfu kumi na mbili. Mzee akaniuliza taratibu kabisa "mwanangu, umechimba kisima?" Watu walicheka mpaka mashine ikazimwa.

Ile fomula ya R² mara pembe ni kweli tu pembe ikiwa radiani, kwa sababu radiani ndiyo urefu wa upinde ukigawanya kwa nusu kipenyo, ukileta digrii umeleta kipimo cha watu wengine. Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi ni kwamba ndani ya programu kila kitu kinabaki radiani, kama nataka digrii kwa ajili ya macho ya binadamu nazigeuza mwisho kabisa kwenye tagi ya skrini ambayo hairudi tena kwenye hesabu. S7-1200 haikupi bloku ya kugeuza, unazidisha mwenyewe kwa 0.0174533 kwenda radiani au 57.29578 kurudi. Nimeziweka kama konstanti zenye majina ili nisikosee desimali usiku.

Hapa niwape angalizo wale mnaohama hama aina za PLC maana kila mmoja ana lugha yake. Kwa Allen-Bradley kwenye leda majina ni mafupi, ASN, ACS, ATN, na wao wana bloku za RAD na DEG za kugeuza, nzuri sana. Mitsubishi FX3U zimepewa namba, SIN ni FNC 130 na zinaendelea mpaka ATAN 135, halafu RAD 136 na DEG 137. Delta DVP hii ndiyo ya kuangalia kwa macho mawili, kuna flagi (swichi ya ndani ya programu) M1018, ikiwa ON pembe zinasomwa kwa digrii na ikiwa OFF ni radiani, sasa fikiria umerithi programu ya mtu ambaye hakuandika maelezo na flagi kaiwasha kwenye ukurasa mwingine kabisa. Fundi ukikuta SIN kwenye programu ya mtu, swali la kwanza ni radiani au digrii, hata salamu baadaye.

Kosa langu la pili lilikuwa la gharama na silifichi. Tanki likiwa limekauka kabisa sensa haisomi sifuri safi, inacheza, mara inasoma chini ya sifuri milimita mbili tatu. Sasa h ikiwa hasi kidogo, (R − h) / R inakuwa 1.003. Hakuna pembe duniani ambayo kosaini yake ni 1.003, kwa hiyo ACOS inatoa kitu ambacho si namba, skrini inaandika NaN, na kipeuo cha pili nacho kinapewa namba hasi kinatoa hicho hicho. Kingekuwa kinaishia kwenye skrini isingekuwa shida. Lakini nilikuwa nimeweka sharti kwamba lita zikishuka chini ya 300 pampu izimwe. NaN ukiilinganisha na 300 jibu ni uongo. Ukiuliza ni kubwa kuliko 300 jibu ni uongo pia. Haiko popote. Kwa hiyo PLC ikauliza "lita ziko chini ya 300?", ikajibiwa hapana, pampu ikaendelea kuzunguka kwenye tanki kavu mpaka sili ya pampu ikaungua, ilikuwa saa nane usiku, mlinzi alisikia harufu. Sili nilinunua kwa pesa yangu.

Hili si la kampuni fulani, namba za desimali kwenye kompyuta ndivyo zilivyo kokote. Dawa ni rahisi na ningeijua mapema. Kabla h haijaingia kwenye fomula inapita kwenye bloku ya LIMIT, chini 0.0 na juu 2.0, ikijaribu kutoka nje inarudishwa. Halafu kuna kale kasharti ka OK na NOT_OK, kanakwambia kama namba ni halali, kakisema si halali pampu haiwaki kabisa na taa nyekundu inawaka. Na juu ya yote hayo nimeweka floti ya kawaida, ile ya kuning'inia, imeunganishwa moja kwa moja na kontakta (swichi ya umeme wa pampu) bila kupita kwenye programu, hata PLC ikichanganyikiwa floti haijui trigonometria.

Halafu kuna kitu kidogo kinachosumbua wageni. SIN ya pai haitoi sifuri kamili, inatoa namba ndogo sana yenye sifuri saba mbele kwa sababu Real inabeba tarakimu sita au saba tu na pai hazimalizi. Ukiweka sharti la "ikiwa ni sawasawa na 0" utasubiri mpaka mvua ya Dodoma inyeshe Julai. Toa alama ya hasi kwanza kwa bloku ya ABS, halafu tumia "ndogo kuliko 0.0001" uendelee na maisha.

Kwenye upande wa sensa niseme haraka haraka. Sensa inatoa mkondo wa 4 hadi 20 mA na inputi ya 1212C ni ya volti, kwa hiyo nimeweka rezista ya ohm 500, 4 mA inakuwa volti 2 na 20 mA volti 10, kwenye PLC volti 10 ni 27648 na volti 2 ni kama 5530. Bloku za NORM_X na SCALE_X zinamalizia kwa kuigeuza namba hiyo kuwa kipimo. Kinachosahaulika ni kwamba sensa inapima presha, haipimi kimo, na mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, uzito wake ni kama 0.92 ya maji. Sisi tulijaribu kwa maji kwanza, ikakaa vizuri mno, nikapiga kifua. Mafuta yalipoingia, kimo cha kweli cha mita 1 kikasomeka sentimita 92, na katikati ya tanki sentimita moja ni lita 80, kwa hiyo lita 639 zikayeyuka mbele ya macho yangu na mzee akaanza kuangaliwa tena. Nikaikimbilia kabla mama hajasema kitu. Gawanya kwa 0.92, mambo yamekwisha.

Kuhusu joto, paneli iko chini ya mabati na mnajua jua letu la Oktoba. Kifaa kimeandikwa kinavumilia mpaka nyuzi 60 kikifungwa kwa ulalo na 50 kikisimamishwa wima, sijaona shida, ila vumbi ni habari nyingine, kifaa chenyewe ni IP20 maana yake hakijikingi, na upepo wa hapa unaleta vumbi mpaka kwenye chai, kwa hiyo boksi lenye mpira wa mlango ni lazima.

Programu ya kuandikia, TIA Portal, ni ya leseni ya kulipia, kuna ya kujaribu ya siku 21, na inataka laptopu yenye nguvu, RAM 16 ndiyo wanayopendekeza. Laptopu yangu ina 8. Nikibonyeza kufungua mradi naenda kunywa chai, nikirudi imefungua nusu.

Duka nililonunulia liko Dar, Gerezani, silitaji. Niliagiza CPU ya DC yote wakanitumia ya autputi za rilei, kifurushi kilikuja na basi la usiku, nimefungua asubuhi stendi nikataka kulia. Walibadilisha, ila nauli ya kurudisha na kuleta ilikuwa juu yangu na siku nne zikapotea. Ukiagiza waambie wakupigie picha ya ubavuni mwa kifaa, ile yenye namba ndefu, usikubali "ndiyo hiyo hiyo kaka".

Baada ya tanki nikawa nimeonja damu. Kuna mkulima wa zabibu kule Hombolo ana pampu ya sola, akanisikia, akataka fremu ya sola iwe inalifuata jua kutoka mashariki kwenda magharibi. Nikasema hii sasa ndiyo trigonometria yenyewe. Unachukua namba ya siku kwenye mwaka, unapata mwinamo wa jua kwa 23.45 mara SIN ya 360/365 mara (284 + siku), hapo ni digrii kwa hiyo geuza kwanza, halafu pembe ya saa ambayo ni nyuzi 15 kwa kila saa moja kutoka jua la utosi, COS na SIN kadhaa, mwisho ATAN. Saa PLC inayo yenyewe ndani.

Nikawasha, fremu zikazunguka vizuri, ila kila wakati ziko mbele ya jua. Kila nikipima ni kama nyuzi tisa. Nilitafuta kosa kwenye COS siku mbili nzima. Kumbe kosa liko kwenye saa. Saa yetu Tanzania imewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dodoma tuko karibu nyuzi 35.75, hizo nyuzi tisa na robo mara dakika nne ni dakika 37. Maana yake saa sita kamili ya mchana kwenye simu yako jua bado halijafika utosini, linafika kama saa sita na dakika 37, na hata hapo linayumba, mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika kama 16 zaidi na katikati ya Februari linachelewa kama 14. Nimezaliwa hapa na sikuwahi kujua. Mkulima nilipomwambia alisema yeye siku zote alijua saa sita si saa sita, anaangalia kivuli cha nguzo.

Lakini niseme ukweli, kwa sola trigonometria inafanya kazi na bado sipendekezi. Tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, mota, bearingi, vumbi, upepo, vyote vya kutunza, wakati ungeongeza paneli mbili tatu zimelala pale pale ungepata maji hayo hayo bila fundi kuja kila mwezi. Mkulima anafurahia kuona fremu zikigeuka, wageni wanapiga picha, ila kwa pesa ningeshauri vingine, na nilimshauri, hakusikia.

Kwa tanki lililolala, hapo ndipo nyota nne zinapotoka. Tanki lako likiwa limesimama usinunue PLC ya hesabu hizi, kuzidisha kunatosha. Likilala, liwe la dizeli, maziwa, maji au mvinyo, ACOS moja na SQRT moja ni rahisi kuliko kununua mita ya mtiririko, ila vichwa vya tanki viwe bapa, vikiwa vimebinuka kama bakuli fomula hii inapunguza na unatakiwa kuongeza hesabu ya vichwa. Na kabla hujamkabidhi mwenye mali, jaza kwa vipimo ambavyo unavijua, pipa kwa pipa, andika skrini inasema nini kila pipa. Sisi tulijaza na kijiti cha mzee kikiwa ndani muda wote. Katikati ya tanki pipa moja lilipandisha sentimita mbili na nusu, kule chini kwenye sentimita 20 lilipandisha zaidi ya nne, na alama zake za kisu zilikuwa zimekaa hapo hapo.

Mama alimwomba mzee radhi, si kwa maneno mengi, alimletea kitenge cha mkewe na kuku wawili. Kijiti hakijastaafu. Kila asubuhi mzee anachovya kwanza, anaandika kwa chaki ubaoni, halafu ndio anakwenda kuangalia skrini na kuandika namba ya skrini chini ya ya kwake. Jumatatu nilipita kubadilisha fyuzi nikaangalia ubao, kijiti 4,200, skrini 4,188. Nikamuuliza hizo 12 ziko wapi, akasema "hizo ni za mashine yako, bado inajifunza".